Cha Kuweka Juu ya Kinoo Unaponoa Wembe wa Kukunja: Maji, Sabuni, Gliserini na Mafuta

Wembe wa kukunja haunolewi kama kisu cha kuparia sangara. Kisu unakiinua kidogo na kukadiria pembe kwa mkono. Wembe unalazwa kabisa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na mgongo ndio unaopima pembe. Kwa hiyo chochote kilichoko kati ya chuma na jiwe, kiwe maji, povu, mafuta au punje moja ya mchanga, kinapita moja kwa moja chini ya makali ambayo ni membamba kuliko karatasi.

Kilainishi chenyewe hakinoi. Zinazonoa ni punje za jiwe. Kilainishi kina kazi ya kubeba unga wa chuma unaokwanguliwa ili usizibe jiwe, kuufanya wembe uteleze bila kunata, na kupunguza ukali wa punje pale unapotaka mkwaruzo mdogo. Jiwe lililoziba linajulikana haraka: katikati linakuwa la kijivu kinachong'aa kama bati lililopigwa msasa, sauti ya wembe inakufa, na unaweza kupitisha wembe mara mia pasipo mabadiliko. Watu wengi wakifika hapo huongeza nguvu ya mkono. Hilo huharibu wembe. Jiwe linataka kuoshwa.

Jambo jingine la kushika mapema ni uzito wa kilainishi. Kinachotiririka kirahisi, kama maji, huacha punje ziume. Kizito, kama gliserini au mafuta, huinua wembe kidogo na jiwe linauma taratibu. Uzito huo unafaa mwishoni mwa kazi, mwanzoni unakupotezea muda.

Jua jiwe lako kabla ya kuchagua

Mawe ya kutengenezwa ya maji, kama King, Naniwa na Norton, yana vitundu vidogo vinavyonyonya. Hayo ni ya maji, au kitu kinachoyeyuka kwenye maji. Ukitia mafuta mara moja tu, yanazama ndani na hayatoki yote, na tangu siku hiyo maji hayakai vizuri juu yake. Namba ya jiwe inaeleza ukubwa wa punje: namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo. Baadhi, hasa ya namba 1000, hulowekwa dakika 10 hivi hadi viputo viishe. Ya namba 8000 na kuendelea kwa kawaida hunyunyiziwa tu. Yapo ambayo punje zake zimegandishwa kwa magnesia, aina ya saruji, kama Naniwa Chosera. Hayo usiyaache majini, hupata nyufa na uso wake hulainika.

Mawe magumu ya asili ya Arkansas, Marekani, yameshikana sana na yanakubali mafuta, gliserini au maji ya sabuni. Hapa ndipo uamuzi unapokuwa mgumu, kwa sababu ukianza na mafuta, kurudi kwenye maji ni kazi. Mawe ya manjano ya Ubelgiji, yaitwayo coticule, yana punje za ganeti, madini magumu, na hufanya kazi vizuri kwa maji matupu au maji yenye tope linalotoka kwenye jiwe lenyewe. Mabamba ya almasi yanataka maji na sabuni kidogo, basi.

Lile jiwe la kijivu la pande mbili linalouzwa madukani pamoja na misumari na koleo ni la panga na jembe. Punje zake ni kubwa mno kwa wembe, hata ulimiminie nini. Na kwa kuwa tuko Mwanza, mji wa miamba, tuseme pia kuhusu graniti: watu hunolea mapanga juu ya mwamba, lakini graniti ina kwatzi na madini mengine yaliyochanganyika kwa vipande vikubwa visivyolingana. Mahali pamoja panauma, pembeni yake panateleza. Wembe usiuguse mwamba.

Ukinunua jiwe lililotumika, dondosha tone moja la maji juu yake, mahali pakavu, usubiri dakika 2. Tone likitandaa au likinywewa, jiwe halijaona mafuta. Likibaki duara kama tone juu ya jani la muhogo, lina mafuta ndani, na ni bora uendelee kulitumia kwa mafuta.

Maji ya wapi?

Maji ya bomba yanatosha kwa kazi yote. Kama huna, maji ya Ziwa Victoria yana sifa nzuri: ni laini, hayana chokaa nyingi, sabuni inatoa povu upesi na jiwe likikauka halibaki na utando mweupe. Tatizo ni vinavyoelea ndani yake. Pembezoni kuna mchanga uliotibuliwa na mawimbi na mitumbwi, na majira fulani maji hugeuka kijani kwa mwani. Punje moja ya mchanga kwenye jiwe la namba 12000 inaacha pengo kwenye makali ambalo litakurudisha hadi namba 1000.

Teka ndoo, iache itulie usiku kucha, kisha chota juu bila kutikisa. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, chemsha, ipoe. Kuchemsha hakuhusu wembe, kunahusu mikono yako: kichocho kipo pwani ya ziwa hili, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi iliyo ndani ya maji mabichi. Kunoa ni nusu saa ya mikono iliyolowa.

Maji ya kisima yapime kwanza. Weka kijiko kimoja juu ya kipande cha kioo, anika juani. Yakiacha duara jeupe, yana chumvi za madini. Yatumie bila sabuni au yaache kabisa, maana sabuni ya mche ikikutana na maji hayo hutoa utando unaoganda kwenye vitundu vya jiwe. Maji ya mvua ya bati ni mazuri kuliko yote, mradi usikinge yale ya dakika za mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Kipande hichohicho cha kioo kina kazi nyingine. Dondosha maji, sugua kwa kidole ukisikiliza. Ukisikia mkwaruzo, hayajachujwa vya kutosha.

Maji ya sabuni

Hiki ndicho kilainishi cha kwanza kujaribu baada ya maji matupu, na kwa mawe mengi hutahitaji kingine. Chukua ile chupa ya kunyunyizia iliyopo kila saluni, tia nusu lita ya maji na matone 5 ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Geuza chupa taratibu, usitikise. Unataka maji yanayoteleza, si povu.

Sabuni inavunja ule mvutano unaofanya maji yajikusanye kuwa matone, kwa hiyo yanatandaa jiwe zima na kukaa. Faida yake inaonekana zaidi kwenye mawe ya punje ndogo sana. Jiwe la namba 12000 na wembe uliokwisha kunyooka vikikutana na maji matupu hunatana kama vioo viwili vilivyolowa. Wembe unakwama katikati ya safari, mkono unasukuma bila kujijua, makali yanapinda. Matone machache ya sabuni yanaondoa kunata huko.

Ukiwa na sabuni ya mche tu, kwangua kiasi cha ncha ya kucha, yeyusha kwenye vijiko 2 vya maji ya moto, kisha changanya na nusu lita. Sabuni ya unga usitumie. Chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza, na baadhi zina dawa za kung'arisha nguo ambazo hazielewani na chuma.

Gliserini

Inapatikana maduka ya dawa kwenye chupa ndogo, na ndiyo mbadala bora wa mafuta kwa mtu mwenye jiwe gumu ambaye hataki kulifunga kwenye mafuta maisha yake yote. Inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukimaliza unaisuuza na jiwe linabaki kama lilivyokuwa.

Kwa jiwe la Arkansas changanya sehemu moja ya gliserini na sehemu moja ya maji. Kwa jiwe la maji la namba kubwa, sehemu moja kwa tatu. Ongeza tone moja la sabuni ikiwa mchanganyiko unajikusanya. Kijiko kimoja cha chai kinatosha jiwe la urefu wa sentimita 20, na hakikauki haraka hata feni ikiwaka.

Gliserini ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Karibu na ziwa hewa ina unyevu wa kutosha, na wembe wa chuma cha kaboni uliofutwa juu juu huamka na vidoa vya kutu, hasa pale mpini unapoungana na shingo. Suuza kwa maji, kausha, ndipo upake mafuta.

Povu la kunyolea

Linafanya kazi, kwa jiwe la mwisho tu na likiwa jepesi kama maziwa. Povu zito linauelesha wembe: unapita juu ya mto wa hewa huku ukidhani unanoa. Povu la kopo lenye manukato na mentholi liache.

Mafuta

Mafuta ni ya mawe ya mafuta. Yanayofaa ni yale mepesi yasiyoganda: mafuta ya cherehani, au mafuta ya watoto ya majimaji yasiyo na rangi. Soma kibandiko, ukikuta maneno paraffinum liquidum mwanzoni mwa orodha, ndiyo yenyewe. Matone 4 hadi 6 yanatosha jiwe zima. Yakiwa mazito, changanya sehemu mbili za mafuta na moja ya mafuta ya taa, ufanye kazi penye upepo na mbali na jiko.

Mafuta ya kupikia ndiyo kosa linalorudiwa kuliko yote, na kwa Kanda ya Ziwa, yenye alizeti na pamba kila upande, ni rahisi kuelewa kwa nini. Siku ya kwanza yanateleza vizuri. Tatizo ni baadaye. Tazama ukingo wa karai la wakaanga samaki: ule utando wa njano unaonata, usiotoka hata kwa steliwaya, ni mafuta yaliyokutana na hewa. Ndicho kinachotokea ndani ya vitundu vya jiwe lako, polepole, bila moto. Mafuta ya samaki huganda upesi zaidi na kunuka juu yake. Mafuta ya nazi hayagandi kwa namna hiyo, ila chini ya nyuzi 24 yanakuwa magumu, na alfajiri za Juni na Julai hapa hushuka chini ya hapo bila shida. Unakuta jiwe limepakwa kitu kama mshumaa.

Oili chafu ya gereji, hata ikichujwa, ina masizi na unga wa chuma wa injini ya mtu mwingine, na si kitu cha kukaa nacho mikononi. Oili mpya ya injini ni nzito mno. Petroli inawaka na haibaki juu ya jiwe. Jiki ni adui wa chuma: dakika chache tu na makali yanaanza kuliwa kwa vitundu usivyoviona. Mate, ambayo wazee waliyatumia, hatuna haja ya kuyajadili.

Kazi yenyewe

Anza kwa kunyoosha jiwe. Chora mistari ya penseli iliyokatana juu yake, weka msasa wa maji namba 320 juu ya kioo kinene, nyunyiza maji, sugua jiwe hadi mistari yote ifutike kwa pamoja. Mistari ya katikati ikibaki, jiwe lina bonde, na hakuna kilainishi kinachotibu bonde. Kisha suuza vizuri, maana msasa huacha punje zake.

Paka makali wino wa makapeni pande zote mbili. Weka jiwe la namba 1000 juu ya kitambaa kilicholowa ili lisitembee, nyunyiza maji matupu, laza wembe, upitishe mara 3 makali yakitangulia, kisha geuza wembe juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Wino unapaswa kufutika sawasawa kutoka kisigino hadi ncha. Kipimo hiki kifanye kwa maji peke yake. Mafuta ya taa na hata mafuta ya watoto yanaweza kuyeyusha wino, ukadhani jiwe limegusa mahali ambapo halijafika.

Kwenye namba 1000 usihesabu mapito. Noa hadi wembe ukate nywele za mkono kwa urefu wote wa makali. Kama kipande fulani hakikati, usihamie jiwe la pili. Kwenye namba 4000 au 5000 fanya mapito 25, kwenda na kurudi likiwa moja. Namba 8000 mengine 25. Kila jiwe punguza nguvu, mpaka mwishoni ubaki na uzito wa wembe wenyewe. Kati ya jiwe na jiwe, osha wembe, osha mikono, badilisha kitambaa.

Sasa tazama maji. Hiki ni kipimo ambacho ni maji pekee yanayokupa, na ndiyo sababu tunashauri usikimbilie vilainishi vingine. Unaposukuma wembe, kuna mstari mwembamba wa maji unaotangulia mbele ya makali. Mwanzoni mstari huo unasukumwa tu kama takataka mbele ya fagio. Makali yakianza kukaa sawa na jiwe, maji yanaacha kusukumwa. Yanakatwa chini na kupanda juu ya bapa la wembe, kama wimbi dogo linalopanda ngalawa. Yakipanda urefu wote, jiwe na makali vimekutana. Yakipanda kisigino na katikati lakini yakasukumwa kwenye ncha, ncha haijagusa, nawe badilisha mwelekeo wa mkono kidogo. Ukitia povu au mafuta unajifunika macho, kwa sababu vyote viwili hupanda ovyo.

Kwenye jiwe la mwisho, namba 12000 au Arkansas gumu, anza na mapito 20 ya maji. Hapo ndipo uingize mbadala: nyunyiza maji ya sabuni au weka kijiko cha gliserini iliyochanganywa, ufanye mapito 20 hadi 30 bila nguvu yoyote. Kilainishi kikigeuka kijivu, futa, weka kipya. Ukibadilisha kilainishi, usibadilishe na jiwe siku hiyohiyo, vinginevyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Osha, kausha, kisha pitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi mara 50, safari hii mgongo ukitangulia. Mkanda uwe umevutwa, usilegee, la sivyo ngozi inazunguka makali na kuyafanya duara.

Inapokataa

Shika wembe makali yakikutazama, chini ya taa. Makali makali hayaonekani. Ukiona mstari au nukta inayometa, hapo ni butu, na huwa ni kazi ya namba 1000 iliyokatishwa, wala si kosa la kilainishi.

Wembe ukinata, ongeza matone 2 ya sabuni. Ukielea na kuteleza bila kusikika, kilainishi ni kizito au kingi. Futa nusu yake kwa kidole. Ukinyoa vizuri mkononi lakini ukauma usoni, jiwe la mwisho halikupewa muda, au ulibonyeza katika mapito ya mwisho. Mikwaruzo mirefu inayoonekana kwa macho kwenye bapa ni mchanga: tupa maji yote, osha chupa, piga jiwe msasa upya.

Jiwe lililozibwa na mafuta ya kupikia linaweza kuokolewa kiasi. Liloweke kwenye mafuta ya taa siku nzima, lisugue kwa brashi, lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, rudia mara 2 au 3. Usilichemshe, na usilianike juani likiwa limejaa maji. Kisha nyoosha uso wake kwa msasa. Baada ya hapo lihesabu kuwa jiwe la mafuta.

Baada ya kunoa

Mawe ya maji yakauke kivulini kwa kuegeshwa ubavu, siku moja au mbili kabla ya kuyafunga kwenye boksi. Yakifungwa yamelowa hupata ukungu. Wembe ufute kwa kitambaa kikavu, hasa ndani ya mpini, uuache wazi saa moja, kisha upake tone moja la mafuta ya cherehani kwa kidole, mafuta yaliyobaki kwenye kidole yakimalizia shingo na msumari wa mpini.

Wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja. Kinyozi anayehudumia watu wengi atumie kishikio chenye kiwembe cha kubadilisha kwa kila mteja, kwa sababu ya damu na homa ya ini. Na kama wembe umemkata mwenyewe, usiupeleke juu ya jiwe kabla ya kuosha kwa sabuni na kufuta kwa spiriti, kwani jiwe lenye vitundu likishanyonya damu huna namna ya kulisafisha hadi ndani.